Dreyer na Vitabu vya Watu Wengine

Katika filamu ndefu 14 ambazo Carl Theodor Dreyer wa Denmark aliziongoza baina ya mwaka 1918 na mwaka 1964, hapana hata moja iliyosimama juu ya kisa alichokibuni yeye mwenyewe. Zote zilitoka katika maandishi ya watu wengine: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, na mara moja, kwa ile ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa tunu yake kubwa, kumbukumbu za kesi zilizoandikwa na makarani wa Kanisa katika karne ya 15. Wapo waliolidhania jambo hili kuwa dalili ya upungufu wa ubunifu. Lakini mwenye kuifuata kazi ya mtu huyu tangu ujana hata uzee ataona kuwa alikuwa msomaji kwanza na mwenye kamera baadaye, na kwamba sanaa yake yote ilikuwa ni namna ya kusoma, ya kukitwaa kitabu na kukipunguza, kisha kukipunguza tena, hata kikabaki kile tu ambacho uso wa mwanadamu unaweza kukidhihirisha pasi na msaada wa maneno mengi.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 3 Februari 1889. Mama yake, Josefine Nilsson, alikuwa mtumishi shambani huko Uswidi, na bwana wa shamba ndiye aliyempa mimba. Akaenda kujifungulia mbali na macho ya waliomjua. Mtoto alipita mikononi mwa walezi kadhaa kabla ya kuchukuliwa na mpiga chapa mmoja wa Copenhagen, ambaye alimpa jina lake zima, la kwanza hata la ukoo. Josefine aliaga dunia mwaka 1891 katika jaribio la kuitoa mimba nyingine kwa kumeza vichwa vya viberiti. Habari hizi zilifukuliwa kwa ukamilifu na mtafiti Maurice Drouzy katika wasifu wa mwaka 1982, naye akazifanya ufunguo wa kazi zote za Dreyer, ambamo wanawake huhukumiwa na wanaume waliokaa vitini, wakachomwa moto au wakafa uzazini. Hoja hiyo ina uzito, wala mimi sithubutu kuikana. Ila nachelea kwamba ufunguo mmoja ukifungua kila mlango hugeuka kuwa njia ya kutoingia chumba chochote, kwa maana wanawake wale walikuwamo vitabuni tayari, na swali la manufaa zaidi ni kwa nini alivichagua vitabu vile na alivifanyia nini.

Ujana wake aliupitisha katika ukarani, kisha katika magazeti, ambako aliandika habari za urukaji wa ndege, naye mwenyewe akipanda maputo, na masimulizi ya dhihaka kuhusu watu mashuhuri wa mji. Kutoka huko aliingia Nordisk Films Kompagni, kampuni iliyoasisiwa na Ole Olsen mwaka 1906 na ambayo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa barani Ulaya. Hakuingia humo kuongoza waigizaji. Kazi aliyopewa kwanza ilikuwa kutunga yale maandishi mafupi yaliyopachikwa baina ya picha na picha katika sinema bubu, ambamo mazungumzo ya ukurasa mzima hayana budi kusemwa kwa mstari mmoja, maana mtazamaji hapewi ila sekunde chache za kusoma. Baadaye alitunga miswada ya filamu, akakata na kuunganisha picha za wengine, na akawa mshauri wa kampuni juu ya riwaya zipi zinafaa kununuliwa haki zake. Hiyo ndiyo madrasa yake, na elimu aliyoipata humo haikumtoka hata siku ya kufa.

Filamu yake ya kwanza, Præsidenten, aliitoa katika riwaya ya Karl Emil Franzos, habari ya hakimu anayetakiwa kumhukumu binti yake mwenyewe aliyezaliwa nje ya ndoa. Si kazi kubwa. Ya thamani zaidi katika miaka hiyo ni mapenzi aliyokuwa nayo kwa Victor Sjöström wa Uswidi, aliyekuwa akizigeuza hadithi za Selma Lagerlöf kuwa sinema. Kwake Dreyer, Mswidi huyo alikuwa shahidi kwamba sinema yaweza kukihudumia kitabu kikubwa bila ya kukifedhehesha. Basi akaenda na vitabu vyake popote palipokuwa na fedha, Norwei, Uswidi, Ujerumani, na mwaka 1924 akaitengeneza Berlin riwaya ya Herman Bang, Mikaël, yenye habari za mchoraji mzee anayempenda kijana aliyekuwa kielelezo cha picha zake na ambaye polepole anamwibia, anamwacha, wala hafiki hata kumwaga. Bang alikuwa bingwa wa kuficha msiba nyuma ya mazungumzo ya mezani, na nadhani ni kwake, kuliko kwa mwandishi mwingine yeyote, ambapo Dreyer alijifunza kwamba mtu anayeumia sana huzungumza juu ya mambo madogo.

Mwaka uliofuata, kwa tamthilia ya Svend Rindom kuhusu mume dhalimu wa nyumbani, alijenga ndani ya studio nyumba kamili ya watu wa hali ya kawaida, yenye maji ya bomba na gesi ya kupikia, ili mwigizaji akifungua bomba maji yatoke kweli. Filamu hiyo ilipendwa mno Ufaransa, na ndiyo iliyomfikisha Paris.

Wafaransa walimtaka atengeneze kisa cha Jeanne d'Arc, na kampuni ilikwisha kununua haki za kitabu cha Joseph Delteil juu ya msichana huyo. Dreyer alikisoma na karibu chote akakiweka kando, akaendea kumbukumbu halisi za kesi ya mwaka 1431 huko Rouen, zilizokuwa zimechapishwa upya na Pierre Champion mwaka 1921, na humo akakuta alichokuwa akikitafuta: maswali na majibu, msichana asiyejua kusoma mbele ya wanazuoni wanaomtegea mitego ya elimu ya dini, naye akiwajibu kwa maneno machache yaliyonyooka. Kesi ile iliyochukua miezi aliibana ikawa kana kwamba ni ya siku moja. Hermann Warm na Jean Hugo walimsanifia ngome nzima, yenye kuta na minara, iliyogharimu fedha nyingi. Kisha yeye akaisogeza kamera karibu na nyuso kiasi ambacho ngome yenyewe haionekani ila vipande vipande, jambo ambalo wenye fedha, kama ilivyotarajiwa, hawakulifurahia. Renée Falconetti, mwigizaji aliyejulikana kwa michezo ya kuchekesha katika majukwaa ya Paris, alisimama mbele ya kamera bila poda wala rangi, nywele zake zikakatwa kweli, na waamuzi wake pia wakaonekana na vinyweleo vyao, chunjua zao na mate yao. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi wa Aprili 1928. Mwaka huohuo nakala yake ya asili ikaungua Berlin. Dreyer akaiunda upya kwa picha zilizobaki, nayo ikateketea. Na kwa zaidi ya nusu karne ulimwengu uliitazama katika sura zilizoharibika, hata mwaka 1981 nakala njema ilipopatikana katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo.

Baada ya hapo ilikuja Vampyr ya mwaka 1932, aliyoiazima kwa uhuru mkubwa kutoka hadithi za Sheridan Le Fanu wa Ireland, kwa fedha za kabaila kijana aliyetaka naye aigize. Watu wa Berlin waliizomea. Kwa miaka kumi hivi hakutengeneza filamu ndefu yoyote. Katikati ya miaka hiyo alifika hata kwetu upande huu wa dunia, Somalia iliyokuwa chini ya Italia, kwa sinema ambayo maradhi hayakumruhusu kuifanya, na wengine wakaimaliza. Alirudi magazetini Copenhagen na kuripoti kesi za mahakamani, wezi wadogo na walevi na wake waliopigwa, siku baada ya siku. Wala sidhani kwamba miaka hiyo ilipotea, kwa mtu ambaye filamu yake kubwa ilikuwa ni kesi.

Vredens Dag aliitoa mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Wajerumani. Asili yake ni tamthilia ya Hans Wiers-Jenssen wa Norwei, iliyojengwa juu ya Anne Pedersdotter aliyechomwa moto Bergen mwaka 1590 kwa shutuma za uchawi. Watazamaji waliona humo utawala wa siku zao, wenye kuwafanya majirani wasengenyane na kushtakiana. Dreyer alikanusha kuwa alikusudia hivyo, lakini hakungoja kuulizwa zaidi, akahamia Uswidi.

Baada ya vita aliishi kwa kutengeneza filamu fupi za idara za serikali, na mojawapo haifai kupitwa. Mwaka 1948 alitakiwa kutengeneza filamu ya kuwaonya watu dhidi ya mwendo wa kasi barabarani. Yeye akachukua hadithi fupi ya Johannes V. Jensen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1944: mume na mke juu ya pikipiki wanakimbilia kivuko katika kisiwa cha Funen, na mbele yao gari kuukuu haliwapishi, na dereva wake ni Mauti. Hapo serikali iliagiza onyo la trafiki ikaletewa fasihi, na ujumbe ukafika vilevile.

Mwaka 1952 serikali ilimpa leseni ya kuendesha jumba la sinema la Dagmar, ndipo akapata riziki ya uhakika, na miaka mitatu baadaye akaitoa Ordet. Asili yake ni tamthilia ya Kaj Munk, mchungaji wa Kilutheri wa Vedersø, Jutland ya magharibi, ambaye Wajerumani walimuua mwezi wa Januari 1944 kwa sababu ya mahubiri na maandishi yake. Dreyer alikuwa ameitazama jukwaani mwaka 1932, akakaa nayo moyoni zaidi ya miaka ishirini. Alipoishika, aliyapunguza mazungumzo hata yakabaki kama theluthi. Katika tamthilia, kijana Johannes anarukwa na akili baada ya mchumba wake kufa. Dreyer alimwondoa mchumba huyo kabisa, akabakisha kijana aliyezama katika vitabu vya Kierkegaard hata akajidhania kuwa Masihi. Na jiko la shamba la Borgen, ambako kisa kinatokea, walilijaza kwanza kwa kila chombo ambacho mama wa nyumba wa kijijini angekuwa nacho, masufuria, vikombe, vijiko na mitungi. Kisha Dreyer akaanza kuondoa, kimoja kimoja, hata vikabaki vichache visivyoweza kuondolewa bila jiko kuacha kuwa jiko. Filamu ilipigwa huko huko Vedersø, na tamasha la filamu la Venice likaipa tuzo ya Simba wa Dhahabu.

Gertrud, ya mwisho, ilionyeshwa Paris mwezi wa Desemba 1964, na wengi waliokuwamo ukumbini waliikasirikia kwa mwendo wake: watu wawili juu ya kochi, wakizungumza bila kutazamana, na kamera isiyo na haraka ya kwenda popote. Asili yake ni tamthilia ya Hjalmar Söderberg ya mwaka 1906, lakini Dreyer alikuwa amesoma utafiti wa kitaalamu juu ya mwanamke wa kweli ambaye Söderberg alimpenda na kumpoteza, na kwa habari hizo akaongeza sehemu ya mwisho isiyokuwamo katika tamthilia, ambamo Gertrud mzee, peke yake, hajutii chochote. Naiona kuwa ndiyo hukumu yake juu ya kesi zote za wanawake alizozisoma.

Kitabu alichokitaka kuliko vyote hakukipata kukifilamu. Mswada wa maisha ya Yesu aliuandika Marekani mwaka 1949 na 1950, katika shamba la mfadhili aliyemwahidi fedha na asizitoe. Alijifunza Kiebrania, alitaka waigizaji Wayahudi na nchi yenyewe ya Injili, na alikusudia kuwaondolea Wayahudi lawama ya kusulubiwa kwa kuirudisha kwa dola ya Kirumi. Serikali ya Denmark ilimtengea kroner milioni 3 mwaka 1967. Alifariki tarehe 20 Machi 1968, na mswada ukachapishwa kuwa kitabu mwaka huohuo. Mswada wake mwingine, wa Medea ya Euripides, aliufanyia kazi Lars von Trier kwa televisheni ya Denmark mwaka 1988, akitanguliza maandishi yanayotamka kwamba hakujaribu kutengeneza filamu ya Dreyer, bali tafsiri yake binafsi kwa heshima ya bingwa huyo.