Matoleo ya Theatrum Orbis Terrarum

Theatrum Orbis Terrarum (Kilatini kwa "Jukwaa la Dunia") ni kitabu cha ramani kilichotungwa na Abraham Ortelius (1527–1598) na kutolewa mara ya kwanza mjini Antwerpen, katika nchi ya Ubelgiji ya leo, tarehe 20 Mei 1570. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa atlasi ya kwanza ya kisasa, ingawa neno "atlasi" lenyewe lilianza kutumika kwa vitabu vya namna hii baada ya kazi ya Gerardus Mercator ya mwaka 1595.

Kitabu kiliendelea kuchapishwa hadi mwaka 1612, katika lugha saba. Katika muda huo ramani ziliongezwa, mabamba yalirekebishwa au kubadilishwa, na maandishi yaliandikwa upya. Kwa sababu hiyo, nakala mbili za kitabu hiki zinaweza kutofautiana sana hata kama jina lililo kwenye jalada ni lilelile.

Jinsi kitabu kilivyochapishwa

Ramani na maandishi vilichapishwa kwa njia mbili tofauti. Ramani ilichongwa kinyume juu ya bamba la shaba. Wino ulipakwa ukaingia katika mistari iliyochongwa, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa nguvu. Ramani nyingi za toleo la kwanza zilichongwa na Frans Hogenberg. Maandishi yalipangwa kwa herufi za risasi zilizotenganishwa baada ya kazi ili zitumike tena.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mambo mengi yaliyofuata. Bamba la shaba liliweza kuhifadhiwa na kutumika kwa miaka mingi, lakini maandishi yalipaswa kupangwa upya kila mara. Hivyo ramani ileile iliweza kuwa na maelezo tofauti upande wa nyuma wa karatasi, kwa lugha tofauti na kwa miaka tofauti. Katika mwaka 1570 peke yake kitabu kilichapishwa zaidi ya mara moja.

Ramani zilizoongezwa

Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 53 za ramani. Ortelius hakupima nchi yeye mwenyewe. Alikusanya kazi za wengine na kuzichora upya kwa ukubwa mmoja. Alitaja wataalamu hao katika orodha maalumu, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Mwaka 1570 orodha ilikuwa na majina 87. Katika toleo la mwaka 1603 ilikuwa na majina 183.

Ortelius aliwaomba wasomaji wamtumie ramani bora zaidi. Zilizopatikana zilitolewa pia katika vitabu vya nyongeza vilivyoitwa Additamentum, kuanzia mwaka 1573, ili aliyekwisha kununua atlasi asilazimike kununua nyingine nzima. Kwa njia hii iliingia ramani ya Wales ya Humphrey Llwyd (1573), ya China (1584), ya Iceland (1590) na ya Japani (1595). Toleo la 1612 lilikuwa na ramani zaidi ya 160, pamoja na zile za historia ya kale zilizoitwa Parergon.

Mabadiliko ya mabamba

Shaba ni metali laini, na mistari yake hufifia baada ya kuchapa mara nyingi. Fundi aliweza kuichonga tena mistari iliyofifia. Kama kulikuwa na kosa, aligonga bamba kwa nyuma, akasawazisha uso wake na kuchonga upya sehemu ile. Bamba likichakaa kabisa, jipya lilitengenezwa.

Ramani ya dunia ni mfano mzuri. Ilikuwa na mabamba matatu. La kwanza la mwaka 1570 lilipata ufa upande wa chini kushoto, na ufa huo unaonekana katika baadhi ya nakala. La pili lilichongwa mwaka 1586, na la tatu, lenye pambo jipya pembezoni, lina tarehe ya 1587. Katika ramani ya 1570 pwani ya kusini-magharibi ya Amerika Kusini ina uvimbe mkubwa usiokuwepo. Katika bamba la 1587 kosa hilo limeondolewa.

Maandishi ya nyuma

Maelezo ya Kilatini yaliandikwa kwa ajili ya wasomi: yanataja waandishi wa kale na vitabu vya kusoma zaidi. Matoleo ya kwanza ya Kiholanzi (1571), Kijerumani (1572) na Kifaransa (1572) hayakuwa tafsiri tu ya Kilatini, bali yalilenga wasomaji wa kawaida. Baadaye yalifuata matoleo ya Kihispania (1588), Kiingereza (1606) na Kiitalia (1608).

Afrika katika atlasi

Si kila ramani ilisahihishwa. Ramani ya Afrika ya mwaka 1570 ilichapwa kwa bamba moja hadi mwanzo wa karne ya 17. Mwaka 1573 iliongezwa ramani ya milki ya "Presbyter Johannes", mfalme Mkristo wa masimulizi aliyehusishwa na Ethiopia. Miji ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa tahajia za Kireno, kama Quiloa kwa Kilwa na Melinde kwa Malindi. Barani, mto Naili unaonyeshwa ukitoka katika maziwa mawili makubwa kusini ya ikweta, kufuatana na mapokeo ya Klaudio Ptolemaio. Mabaharia wa Kireno waliifahamu pwani, lakini habari za bara zilikuwa za kale, nazo zilirudiwa toleo baada ya toleo.

Wamiliki wa mabamba

Kuanzia mwaka 1579 kitabu kilichapishwa na Christophe Plantin. Baada ya kifo cha Ortelius mabamba yalinunuliwa na Jan Baptist Vrients mwaka 1601, na baada ya huyo kufariki mwaka 1612 yalifikia familia ya Moretus. Biashara ya namna hii ilikuwa ya kawaida. Mabamba ya Mercator yalinunuliwa na Jodocus Hondius wa Amsterdam mwaka 1604, na mwaka 1629 Willem Blaeu alinunua baadhi ya mabamba ya familia ya Hondius na kuweka jina lake mwenyewe mahali pa jina lao.

Kutambua toleo

Tarehe iliyochongwa katika ramani ni tarehe ya bamba, si ya kuchapwa. Karatasi yenye mwaka 1570 inaweza kuwa imechapwa miaka 30 au zaidi baadaye. Atlasi nyingi zimevunjwa na ramani zake kuuzwa mojamoja, kwa hiyo wataalamu huchunguza:
- lugha ya maandishi ya nyuma na namba ya ukurasa
- mpangilio wa mistari, hasa maneno ya mstari wa mwisho
- nyufa, marekebisho na mistari iliyochongwa tena

Rangi haisaidii sana, kwa kuwa ilipakwa kwa mkono, mara nyingine muda mrefu baada ya kuchapwa. Anayetumia ramani kama ushahidi wa yaliyojulikana katika mwaka fulani anapaswa kwanza kujua ni toleo lipi lililo mbele yake.