Safari ndefu ya ndege na watoto pamoja na koko: yale ya kutayarisha mbele ya siku

Kwa familia nyingi za Kivu na Ituri, safari ya kwenda Bruxelles, Montréal ao Ohio haianzie mu ndege. Inaanzia ku barabara. Kisha uwanja wa ndege wa Goma kufungwa Januari 2025, wakaaji wengi wa Goma na Bukavu walianza kuvuka mupaka ili wapandie ndege Kigali. Wale wa Beni na Butembo wanapitia Kasindi mpaka Entebbe. Kutoka Kigali mpaka Bruxelles ndege inachukua karibu masaa 8 kama haisimame njiani. Kwenda Amerika ya Kaskazini, ukihesabu na eskali, ni kusema kule kungoja na kubadilisha ndege, masaa 24 yanapita bila shida. Kwa hiyo mutoto wa miaka 2 na koko wa miaka 75 wanaweza kukaa mu kiti cha ndege wakiwa wamechoka tayari. Pale franka zinaruhusu, kulala usiku mumoja mu muji wa kupandia kunafaa kuliko kutoka nyumbani usiku na kukimbilia ndege asubuhi.

Jambo ambalo wengi wanasahau ni kiti cha magurudumu. Koko mwenyewe ndiye wa kwanza kukikataa: "Niko na miguu yangu, mimi si mugonjwa." Lakini kiti hicho si cha wagonjwa peke yao. Viwanja vikubwa vya eskali viko na njia ndefu sana, na muzee anayetembea vizuri mu mtaa wake anaweza kuishiwa nguvu pale, wakati ndege nyingine inakaribia kuondoka. Makampuni ya ndege yanatumia alama tatu: WCHR ni ya mutu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS ni ya yule asiyeweza ngazi, WCHC ni ya yule anayepaswa kubebwa mpaka ku kiti chake. Kwa wazee wengi WCHR inatosha. Inaombwa wakati wa kununua tiketi, ao angalau masaa 48 mbele ya safari. Mu nchi za Umoja wa Ulaya, sheria namba 1107 ya mwaka 2006 inasema musaada huo ni wa bure.

Kuko faida nyingine ambayo ajansi haizungumzie sana: anayesukuma kiti anajua njia. Mama mwenye mutoto ku mugongo, asiyesikia Kiingereza, mara nyingi atamufuata mpaka ku mulango wa ndege ingine. Lakini wakati mwingine wazee wanapelekwa kungojea mu chumba chao, mbali na familia. Kwa sababu hiyo koko hapaswe kuachia paspoti yake ku sakoshi ya mwanake. Abaki nayo mwenyewe, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza: jina lake, muji anaoenda, namba ya simu ya anayemupokea, na dawa anazokunywa.

Dawa hizo zisiwekwe mu valizi kubwa. Valizi inaweza kubakia Addis Ababa wakati muzee amefika Montréal, na dawa ya tansio haingoje siku tatu. Insulini iko na hatari ingine: mahali pa mizigo mikubwa inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifanye kazi tena. Vyote vibakie mu sakoshi ya mukononi, mu paketi zake, pamoja na karatasi ya munganga. Ile kanuni ya kukataza maji-maji ya zaidi ya mililita 100 haiguse dawa ya lazima wala maziwa ya mutoto muchanga, lakini inafaa kuvionyesha mbele ya kuulizwa. Saa ya dawa nayo inasumbua, juu Montréal iko nyuma ya Goma kwa masaa 6 ao 7 kufuatana na majira. Munganga aandike mapema ni kisha masaa mangapi kila dawa inarudiliwa.

Mutu mwenye ugonjwa wa moyo ao wa mapafu amuone munganga mbele ya kulipa tiketi. Hewa ya ndani ya ndege inafanana na ile ya mulima wa mita 1,800 mpaka 2,400. Mutu wa Butembo, muji ulio juu ya mita 1,700, hatasikia tofauti sana. Koko wa Uvira, pembeni ya ziwa, anaweza kuisikia.

Kwa watoto, kosa la hatari zaidi ni siro ya kulalisha. Kuko wazazi wanaomupa mutoto siro ya prometazini ili asilie mu ndege. Dawa hiyo imekatazwa kwa watoto wa chini ya miaka 2, juu inaweza kuwazuilia pumzi mpaka kufa. Kwa wengine inafanya kinyume: mutoto anachangamuka na kulia zaidi. Heri makelele ya mutoto muzima, hata kama majirani wa kiti wanakunja uso.

Kilio kikubwa kinakujaka wakati ndege inashuka, kwa sababu ya masikio. Kumeza mate kunafungua masikio. Basi mutoto aamushwe karibu nusu saa mbele ya kutua, apewe ziwa, biberoni ao kitu cha kutafuna. Kitanda kidogo cha ukutani kinaombwa mapema, na kila kampuni iko na kipimo chake cha uzito.

Kuhusu makaratasi: karte ya manjano inaombwa kuanzia miezi 9, na chanjo inahesabiwa kisha siku 10. Muzee wa zaidi ya miaka 60 ambaye hajapata kamwe chanjo hiyo azungumze kwanza na munganga. Mutoto anayesafiri na muzazi mumoja anaweza kuombwa ruhusa iliyoandikwa ya muzazi wa pili.

Mu ndege, kisha masaa 4 ya kukaa bila kutembea, damu inaweza kuganda mu miguu. Koko asikatae maji kwa kuogopa choo. Aombe kiti cha pembeni ya njia, azungushe vifundo vya miguu, asimame kila saa kama hajalala. Hatari hiyo haiishe siku ya kufika. Muguu mumoja ukivimba na kuuma, ao pumzi ikikatika gafula, hata wiki kadhaa kisha safari, apelekwe hospitali siku ile ile na familia iseme wazi kwamba alisafiri kwa ndege.