Mashine ya Mtumba na Mfumo Usio Wake: Mfumo Endeshi wa Mac katika Kompyuta Zilizotumika, kwa Mtazamo kutoka Kaole

Katika magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, zimesimama nguzo za makaburi zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi yake zina vishimo vya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mfinyanzi aliyatengeneza kwa ajili ya chakula. Pwani hii yakatiwa katika makaburi. Tangu Neville Chittick alipofanya uchimbuzi mahali hapo mwaka 1958, wanaakiolojia wamevitumia vyombo na vigae vya aina hiyo kukadiria umri wa makazi na kufuatilia njia za biashara. Hakuna mwanahistoria aliyepata kumlaumu mwenye kaburi kwa kukitumia chombo kinyume cha makusudio ya mtengenezaji.

Insha hii inahusu chombo kingine cha kigeni kilichopachikwa mahali ambapo mtengenezaji wake hakukusudia, yaani mfumo endeshi wa kompyuta za Macintosh unapowekwa katika kompyuta ya kawaida iliyotumika. Hoja inayotetewa ni kwamba uhusiano kati ya mfumo huo na mashine yake si jambo la kimaumbile. Umefungwa, ukafunguliwa na kufungwa tena kwa maamuzi ya kibiashara yenye tarehe zinazojulikana, na mtumiaji wa mashine ya mtumba ndiye anayeyahisi maamuzi hayo kwa ukali zaidi, kwa kuwa hana fedha za kuyakwepa.

Historia ya kompyuta nchini Tanzania kwa kawaida huanzia Wizara ya Fedha, ambako kompyuta ya kwanza ilifungwa mwaka 1965. Huendelea hadi mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, ukame ulikuwa umeilazimisha nchi kununua nafaka nje, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kisha simulizi huruka hadi Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003. Hii ni simulizi ya ofisi. Inaeleza vizuri ni nani aliyeruhusu na nani aliyekataza, lakini inanyamaza juu ya yule aliyefungua kasha la kompyuta kwa bisibisi.

Mlango mwingine ulifunguliwa mwaka 1984, serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji na kuwaruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa. Nguo za mitumba zikajaa tena masokoni. Neno lenyewe linastahili kutazamwa, hasa na anayeandika akiwa karibu na Bagamoyo: mtumba ulikuwa robota la bidhaa, mzigo wa mpagazi wa msafara, kabla ya kuwa nguo iliyovaliwa na mwingine. Baadaye neno likapanuka likachukua magari, majokofu na hatimaye kompyuta. Ofisi za Ulaya na nchi za Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache. Zile zilizoondolewa husafirishwa kwa makontena, nyingi zikipitia Dubai, hadi Dar es Salaam na Zanzibar. Aghalabu diski yake huwa imefutwa. Mnunuzi hupata kiwiliwili tu, na swali la mfumo gani utakaokiendesha huanzia mezani pa fundi.

Kwa nini basi mtu autake mfumo wa Mac, ilhali Windows ndiyo iliyozoeleka na nakala zake zilipatikana kila kona? Kwa upande wa Bagamoyo jibu linapatikana katika sanaa. Mji huo una taasisi ya kufundisha muziki, ngoma na maigizo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na sasa ikiitwa TaSUBa. Mwaka 2002 kampuni ya Apple ilinunua kampuni ya Kijerumani ya Emagic, yenye programu ya kurekodia muziki iitwayo Logic, na mara moja ikatangaza kusitisha toleo la Windows. Hadi siku hiyo mwanamuziki mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuitumia Logic. Baada ya hapo alipaswa kubadili programu au kubadili mashine. Final Cut Pro, programu ya kuhariri filamu iliyotolewa na Apple mwaka 1999, ilikuwa ya Mac tangu mwanzo. Hivyo kijana aliyejifunza kazi katika studio ya mwenye Mac alirudi nyumbani na ujuzi ambao mashine yake haikuweza kuutumia.

Ifahamike pia kwamba ndani ya Apple kwenyewe wazo la kutenganisha mfumo na mashine halikuwa geni. Mwaka 1992 wahandisi wa Apple na Novell waliuendesha mfumo wa Macintosh katika kompyuta yenye prosesa ya Intel, katika mradi uliopewa jina la siri la Star Trek. Mwaka uliofuata mradi ukafutwa. Mwaka 1995 Apple ilianza kuwapa watengenezaji wengine leseni ya kuunda kompyuta zinazotumia mfumo wake. Wakauza kwa bei nafuu na kumpokonya mwenye mfumo wateja wake mwenyewe, hata Steve Jobs aliporudi akaisitisha biashara hiyo mwaka 1997. Mfumo mpya uliofuata, Mac OS X, ulitokana na NeXTSTEP, ambao tangu mwaka 1993 ulikuwa ukiuzwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida za Intel. Kwa maneno mengine, babu wa mfumo huu aliwahi kuishi kihalali katika nyumba ambayo mjukuu alikatazwa kuingia.

Tarehe 6 Juni 2005 Jobs alitangaza kwamba Mac zitaacha prosesa za PowerPC na kutumia za Intel, akakiri kwamba kwa miaka mitano mfumo ulikuwa ukitayarishwa kimyakimya kwa prosesa zote mbili. Kabla mwaka haujaisha, toleo lililokusudiwa kwa waandaaji wa programu pekee lilikuwa limekwisha kuvuja na kuendeshwa katika kompyuta za kawaida. Mac za kwanza za Intel zilitoka Januari 2006. Mwezi Aprili mwaka huohuo Apple ilitoa Boot Camp, iliyowawezesha wenye Mac kuweka Windows ndani yake. Mwandishi anaiona hatua hiyo kuwa na maana kubwa kuliko inavyopewa na wengi: kampuni ilikubali kwamba mashine hizo mbili ni za ukoo mmoja, ila ruhusa ikawa ya kwenda upande mmoja tu.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa chembamba. Mac iliwashwa kwa utaratibu uitwao EFI, wakati kompyuta nyingi za zama hizo zilitumia BIOS. Na ndani ya Mac mlikuwa na kijisahani kidogo, SMC, ambacho mfumo ulikiuliza neno la siri kabla ya kukubali kuendelea. Programu kama Clover na baadaye OpenCore hukaa kati ya mashine na mfumo: huamka kwanza, huuelezea mfumo vifaa kwa lugha unayoitarajia, na hujibu swali la SMC kwa niaba ya kijisahani kisichokuwapo. Kazi ngumu huja baadaye. Kila kifaa kinahitaji programu yake ya kukiendesha, na Apple iliandika programu hizo kwa vifaa vichache inavyovitumia yenyewe. Kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, yenye prosesa ya Intel na kadi ya michoro ya ndani, mara nyingi ilikubali. Kompyuta ndogo ya mapajani ilikataa sauti, au mtandao usiotumia waya, au kuamka baada ya kulala.

Mwandishi wa insha hii alitumia karibu wiki mbili kwa mashine ya aina ya kwanza, iliyonunuliwa kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika. Mfumo uliwaka siku ya tatu. Sauti ilipatikana siku ya tisa, baada ya kugundua kwamba namba ya kijisahani cha sauti iliyotajwa katika karatasi ya mashine haikuwa ile iliyokuwa imefungwa ndani. Fundi fulani asiyejulikana alikuwa amebadilisha ubao mama njiani. Jambo hilo dogo lina funzo la mbinu kwa watafiti: mashine ya mtumba ina historia ambayo lebo yake haiisemi, na inapaswa kusomwa kama kigae, kwa kuitazama yenyewe.

Upatikanaji wa mfumo nao ulibadilika. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Mwezi uliofuata Apple ilitoa Snow Leopard katika diski iliyouzwa kwa dola 29. Diski moja ingeweza kupita mikononi mwa watu wengi, na ilipita. Mwaka 2011 toleo la Lion lilianza kusambazwa kwa kupakuliwa, mzigo wa karibu gigabaiti nne, na kwa mnunuzi wa vifurushi vya simu hiyo ilikuwa gharama ya kuhesabiwa. Tangu Mavericks, Oktoba 2013, mfumo haukuuzwa tena. Ulitolewa bure, lakini kwa mwenye Mac.

Hapa ndipo suala la sheria linapoingia. Leseni ya Apple huruhusu mfumo kuwekwa katika kompyuta zenye chapa yake pekee. Kampuni ya Psystar ya Florida ilipouza kompyuta za kawaida zenye Mac OS X mwaka 2008, ilishtakiwa, ikashindwa Novemba 2009, na rufaa yake ikashindwa mwaka 2011. Hukumu hiyo haifungi mahakama za Tanzania, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta hapa nchini. Hata hivyo si sahihi kuwaweka wote katika fungu moja. Aliyenunua diski ya Snow Leopard na kuiweka katika mashine yake mwenyewe alivunja sharti la leseni. Aliyepakua nakala iliyochezewa na kuiuza alinakili mali ya mwingine. Mtafiti anayewaita wote wezi ameacha kuuliza ni nini hasa kilichonunuliwa.

Inaweza kupingwa kwamba njia huru ilikuwapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Pingamizi hilo lina uzito kwa karani na mwalimu. Kwa mwanamuziki halikuwa na jibu, kwa sababu kazi aliyoanzishiwa studio ilihifadhiwa katika faili za Logic, na faili hizo hazikufunguka kwingine.

Njia yenyewe sasa inafungwa. Novemba 2020 Apple ilianza kuuza Mac zenye prosesa zake, na Juni 2025 ikatangaza kwamba macOS 26 ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel. Kwa kompyuta za kawaida za mtumba hakuna mlango baada ya hapo. Lakini Mac za Intel zenyewe sasa zinafika sokoni zikiwa mitumba, nyingi zikiwa zimekwisha kuachwa na mtengenezaji. MacBook Pro ya mwaka 2012, kwa mfano, iliishia rasmi kwenye toleo la mwaka 2019. Ili kuiwekea toleo jipya zaidi, fundi hutumia OpenCore Legacy Patcher, iliyojengwa juu ya OpenCore ileile iliyoundwa kuudanganya mfumo kwamba kompyuta ya kawaida ni Mac. Sasa huwekwa ndani ya Mac halisi.