Chumvi ya Uvinza na Pilipili Manga ya Pwani: Meza ya Nyumba ya Kiyahudi na Historia ya Barabara ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Barabara ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 imeelezwa zaidi kwa bidhaa mbili, yaani pembe za ndovu na watumwa. Hata wasifu wa Tippu Tip, ambao ni miongoni mwa matini muhimu za nathari ya Kiswahili kuhusu safari za bara, umejaa habari za pembe, vita na madeni. Chumvi hutajwa kwa nadra, kana kwamba ilikuwa jambo la jikoni tu. Makala hii inadai kinyume chake. Chumvi ya Uvinza ilikuwa kipimo cha haki: nani aruhusiwe kuingia katika nchi ya wenyewe, nani afanye kazi, na nani apokee fungu.

Ili kulifafanua dai hilo, makala inaanza mbali kidogo, kwenye meza ya nyumba ya Kiyahudi. Ulinganisho huu haudai kwamba jamii hizi mbili zina asili moja. Umechaguliwa kwa sababu katika desturi ya Kiyahudi maana ya chumvi iliandikwa na kuhifadhiwa kama sheria, ilhali Uvinza ilikaa katika mazoea ya watu. Tofauti hiyo, kama itakavyoonekana, ilikuwa na matokeo makubwa.

2.0 Chumvi yenye sheria na pilipili isiyo na sheria

Katika Agano la Kale, Mambo ya Walawi 2:13 inaagiza kwamba kila sadaka ya unga itiwe chumvi, na Hesabu 18:19 inataja agano la chumvi, maana yake agano lisiloharibika. Baada ya Warumi kulibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, madhabahu haikuwapo tena. Walimu wa Kiyahudi walifundisha kwamba meza ya mtu nyumbani kwake imechukua nafasi ya madhabahu. Kwa hiyo mkate unaobarikiwa usiku wa kuamkia Sabato huchovywa katika chumvi au kunyunyiziwa. Yosefu Karo, ambaye kitabu chake cha sheria kilichapishwa Venice mwaka 1565, aliagiza chumvi iletwe mezani kabla ya mkate kumegwa. Aidha, nyama hutiwa chumvi ili kuondoa damu iliyokatazwa.

Pilipili manga haina agizo la namna hiyo. Imefika mezani kwa njia ya ladha na biashara. Hata hivyo, historia yake inatukaribisha pwani yetu. Hati zilizohifadhiwa katika sinagogi la Cairo ya Kale zinaonesha kwamba katika karne ya 11 na ya 12 wafanyabiashara wa Kiyahudi walisafirisha pilipili manga kutoka Malabar, India, kupitia Aden hadi Misri. Mmoja wao, Abraham Ben Yiju, aliishi miaka mingi Mangalore. Bahari waliyoivuka ndiyo iliyoleta viungo vya India Zanzibar na mrima. Chumvi na pilipili, kwa hiyo, hukaa pamoja mezani zikiwa na nasaba mbili tofauti: moja ni ya agano, nyingine ni ya soko.

3.0 Uvinza: chumvi kabla ya pembe

Nasaba hizo mbili zilikutana pia Tabora. Chumvi ilitoka magharibi. Karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaingia katika Malagarasi, chemchemi za maji ya chumvi kali hububujika kutoka ardhini. Uchimbuzi wa kiakiolojia uliofanywa na Sutton na Roberts, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1968, ulionesha kwamba watu walichemsha chumvi hapo tangu Zama za Chuma za Awali, yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukongwe huu ni jambo la msingi katika hoja yetu. Misafara ya pembe ilistawi katika karne ya 19, lakini watu walikuwa wakielekea Uvinza kufuata chumvi karne nyingi kabla ya hapo.

Kazi yenyewe ilifuata majira. Wakati wa masika mto ulifurika na chemchemi zikafunikwa, hivyo uchemshaji ulifanyika kiangazi. Watu walitoka nchi za jirani, wakajenga vibanda vya muda, wakateka maji na kuyachemsha katika vyungu juu ya kuni hadi chumvi ibaki. Machifu wa Uvinza hawakuwafukuza wageni hao. Waliwaruhusu kufanya kazi, nao wakachukua sehemu ya chumvi iliyopatikana kama ushuru. Mgeni aliyelipa fungu la mwenye nchi aliondoka na chumvi yake kwa amani. Huu ulikuwa utaratibu wa haki, japokuwa haukuandikwa popote.

Kutoka hapo chumvi ilisafiri mashariki hadi Unyamwezi na magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Roberts, katika utafiti wake kuhusu biashara ya Wanyamwezi, anaeleza kwamba biashara hii ya kikanda ya chumvi na chuma ilitangulia biashara ya masafa marefu. Wanyamwezi walifika pwani wakiwa na misafara yao wenyewe mnamo mwaka 1800, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makazi Unyanyembe. Hivyo basi, ni makosa kusema kwamba barabara ilifunguliwa na wageni. Wageni walizikuta njia ambazo zilikwisha kukanyagwa na wapagazi wenye ujuzi wa kambi, maji na kubadilishana mali.

4.0 Unyanyembe: chakula cha ncha mbili

Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, na kuendelea hadi Ujiji walikofika Februari 1858. Njiani walipita nchi ya chumvi ya Ruchugi, na Burton aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860. Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba Waarabu wa hapo waliletewa kutoka pwani chai, kahawa, sukari na viungo. Mbele ya safari, alipofika Uvinza, alilazimika kulipa hongo kubwa ili apite na kuvushwa Malagarasi.

Taarifa hizi zikisomwa pamoja, Tabora inaonekana kuwa mahali ambapo ncha mbili za barabara zilikutana katika sahani moja: viungo kutoka Bahari ya Hindi na chumvi kutoka bara. Viungo vilinunuliwa kwa mali, basi. Lakini aliyekwenda kwenye nchi ya chumvi alipaswa kuitambua mamlaka ya wenyewe. Umuhimu huo unaeleza pia kwa nini Mirambo, alipojenga dola yake, alipanua nguvu zake hadi Uvinza.

5.0 Agano lisiloandikwa

Mwaka 1890 Emin Pasha aliingia Tabora na kupandisha bendera ya Ujerumani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa Oppeln mwaka 1840 katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa utotoni. Katika nyumba za watu wa asili yake, sheria ya chumvi ilikuwa imesomwa vitabuni kwa karne nyingi. Bendera aliyoipandisha ilitangulia utawala ambao haukuitambua sheria ya chumvi ya Uvinza, kwa kuwa haikuwamo katika kitabu chochote.

Mwanzoni mwa karne ya 20, chemchemi zilitiwa mikononi mwa kampuni ya Kijerumani iliyojenga kiwanda na kupaita mahali hapo Gottorp. Uchemshaji wa kiangazi uliowakusanya majirani ulikoma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaondoa pia kazi ya mpagazi. Wakati wa Waingereza kiwanda kiliendeshwa na Nyanza Salt Mines. Chumvi iliendelea kutoka ardhini kama zamani, ila mtu aliyekuwa na haki ya kuja, kuchemsha na kuondoka na fungu lake alibaki kuwa kibarua au mnunuzi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba meza ya Kiyahudi na vyungu vya Uvinza vinafundisha jambo moja kwa njia mbili. Chumvi hudumu kuwa zaidi ya kiungo pale ambapo jamii inaweza kuitetea maana yake. Wayahudi walipopoteza Hekalu waliihamishia maana hiyo mezani na katika maandishi. Watu wa Uvinza na majirani zao walipopoteza chemchemi hawakuwa na hati ya kuonesha, na wanahistoria waliofuata waliandika juu ya pembe. Kiswahili humwita mzee mwenye busara mtu aliyekula chumvi nyingi. Kwa nchi ya barabara ya misafara, msemo huo unatudai tuulize pia chumvi hiyo ilitoka wapi, ilichemshwa na nani, na kwa idhini ya nani.