Granada kwa Baiskeli ya Umeme: Mji Ambao Maharusi Walikatazwa Hina



Wengi huijua Granada, Hispania, kwa jumba la Alhambra. Sisi tuliizunguka kwa baiskeli za umeme, na kilichotukaa moyoni ni hina.

Tulianzia Plaza Nueva na mtembezaji wetu, tukaufuata mto Darro hadi Bañuelo, hamamu ya enzi za Waislamu. Paa lake lina matundu ya nyota ya kuingizia mwanga. Sisi wa Unguja tukaikumbuka Hamamni. Kisha ukaja mlima wa Albaicín, wenye vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe. Mota ikatusukuma, tukapanda na mitandio yetu bila kuhema.

Mji huu ulikabidhiwa kwa Ferdinand na Isabella tarehe 2 Januari 1492. Mkataba uliwaahidi Waislamu kubaki na dini, misikiti na makadhi wao. Ahadi haikutimiza miaka 10. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kuwabatiza watu kwa nguvu. Msikiti mkuu wa Albaicín uligeuzwa kanisa, na leo hapo lipo kanisa la San Salvador.

Amri iliyotangazwa Januari 1567 ikaingia hadi majumbani. Kiarabu marufuku, hamamu marufuku, wanawake wasifunike nyuso, hina isipakwe. Siku ya harusi milango iachwe wazi, ili ionekane kama kuna lolote la Kiislamu. Hebu fikirieni: bibi harusi yumo ndani, na apitaye njiani anachungulia!

Mzee mmoja wa huko, Francisco Núñez Muley, aliandika kuwatetea watu wake, akisema mavazi na hina ni mila za nchi, si dini. Hakusikilizwa. Mwaka 1568 vita vilizuka milima ya Alpujarras, na kuanzia 1609 kizazi chao kikafukuzwa Hispania.

Tulimalizia uwanja wa San Nicolás, Alhambra ikitutazama ng'ambo ya bonde. Jirani yake upo msikiti uliofunguliwa 2003. Tukaegesha baiskeli, tukaswali Alasiri.

Bibi harusi mpenzi, hina si faradhi. Lakini somo atakapokushika mkono akupake, mlango umefungwa na vigelegele vimejaa chumbani, waombee dua wale dada waliofunguliwa milango kwa nguvu. Faragha hiyo ni neema, tuishukuru.