Jinamizi: akili inapoamka na mwili bado umelala

Umewahi kuamka usiku, macho yanaona, lakini mkono hauinuki, sauti haitoki, na kifuani ni kama umekaliwa? Wengi wetu husema tumekabwa na jinamizi.

Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusitende yale tunayoyaota. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijaachiwa, na ndoto ikaendelea. Ndiyo maana mtu huona kivuli au husikia nyayo chumbani. Hali hii hudumu sekunde au dakika chache, na pumzi haikatiki. Kwa hiyo tusikimbilie kumshuku jirani kwa uchawi.

Ikikupata, usishindane nayo. Pumua taratibu, kisha jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Lala kwa ubavu badala ya chali, na usikeshe ovyo, kwani uchovu huichochea.

Wapo wanaoigeuza kuwa mlango wa ndoto wanayojua kuwa ni ndoto. Hutulia, hufumba macho na kuwaza mahali wanapopapenda mpaka wajikute humo. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alirekodi mtu aliyelala akitoa ishara za macho walizokubaliana kabla. Lakini usijinyime usingizi ili kuitafuta ndoto hiyo.

Ikikurudia mara kwa mara, au ukisinzia ghafla mchana, nenda kituo cha afya.