QR Ni Nini Hasa? Hii Hapa Rada ya Hivyo Viboksi Vyeusi

Msee, wiki hii umeskani QR mara ngapi? Menyu ya hoteli, tiketi ya shoo, WhatsApp ya kwa laptopu. Lakini ukiulizwa ndani kuna nini utasema "ni viboksi tu." Zii. Kila kiboksi kiko na kazi.

Ilianzia wapi?
Ni 1994, Japani. Masahiro Hara na mbogi yake kwa kampuni ya Denso walikuwa wanataka njia fiti ya kufuatilia vipuri vya magari. Barkodi ya mistari inasomwa upande mmoja tu, kwa hivyo inabeba stori kidogo. QR inasomwa kwa urefu na kwa upana.

Venye imejipanga
Macho matatu: Zile skwea kubwa kwa kona tatu. Zinashow simu QR iko wapi. Kona ya nne haina jicho, ndio simu inajua juu ni wapi hata ukiishika kichwa chini.

Vidoti vya kuhesabu: Cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, kati ya macho. Simu inavitumia kujua safu ziko ngapi.

Saizi: Ndogo kabisa ni viboksi 21 kwa 21. Kubwa kabisa ni 177 kwa 177, na inabeba hadi tarakimu 7,089.

Ukingo mweupe: Upana wa viboksi 4 kila upande. Ukiukata, simu inaweza kupotea.

Stori inaingiaje?
Maneno yanageuzwa kuwa 1 na 0. Herufi "A", kwa mfano, inaweza kuwa 01000001. Cheusi ni 1, cheupe ni 0. Zinapangwa kuanzia kona ya chini kulia, zikipanda na kushuka. Halafu viboksi vingine vinageuzwa rangi kwa mtindo mmoja kati ya 8, ju weusi ukijaa mahali pamoja simu inachanganyikiwa. Simu ikisoma, inarudisha kila kitu venye kilikuwa.

Ikichafuka je?
Ndani kuna data ya ziada ya kujirekebisha, hesabu inaitwa Reed-Solomon. Kuna viwango vinne: karibu asilimia 7, 15, 25 na 30. Ndio maana mtu anaeza bandika logo katikati na bado isome.

Sasa kaa rada
QR inarekebisha uchafu, hairekebishi uongo. Mjanja akibandika stika yake juu ya ile ya ukweli, simu yako itasoma poa tu na kukupeleka kwake. Macho yako hayawezi kusoma hizo 1 na 0, kwa hivyo papasa stika kwanza, halafu soma linki yote kabla ubonyeze.

Na hiyo tiketi ya shoo? Usiiposti. Picha yake inabeba data ileile, na mwenye atafika kwa mlango kwanza ndiye ataingia.